Nyumba Isiyosubiri Maji: Makazi ya Kuhimili Moto Kichaa kutoka Lukuledi hadi Newala

Kuanzia Juni, mvua zikiwa zimekatika na upepo wa kusi ukivuma kutoka kusini-mashariki, nyasi za bonde la Lukuledi, upande wa Masasi kusini mwa Tanzania, na za miteremko inayopanda kwenda Newala hukauka kiasi cha kushika moto kwa cheche moja, na hali hiyo hudumu mpaka mvua za kwanza za Novemba au Desemba. Katika miezi hiyo moto kichaa, yaani moto uliomtoka mikononi aliyeuwasha na sasa unafuata upepo na nyasi badala ya amri ya mtu, huunguza mikorosho, misitu ya miyombo, mizinga ya nyuki na, mara nyingine, nyumba pamoja na chakula cha mwaka mzima. Mazungumzo kuhusu moto huo kwa kawaida huishia kwenye kumtafuta aliyeuwasha, awe ni mwenye kuandaa shamba, mrina asali, mchoma mkaa au mwindaji wa panya, na ni haki atafutwe. Lakini swali la pili, ambalo ni kwa nini nyumba moja iliungua na ya jirani ikasalimika, halijapewa uzito unaolistahili, ingawa jibu lake ndilo lililo ndani ya uwezo wa familia yenyewe.

Uzito wa swali hilo unaongezeka kwa sababu ya jiografia ya mahali. Uwanda wa juu wa Makonde, unaoinuka hadi karibu na mita 900 upande wa Newala na kushuka polepole kuelekea pwani, umefunikwa na udongo wa kichanga unaonyonya mvua haraka, kwa hiyo hauna mito ya kudumu juu yake. Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani wa mila na desturi aliyekaa Newala mwaka 1906, aliwakuta wakazi wakishuka mabondeni kufuata maji na kupanda nayo tena, na hata baada ya mradi wa maji wa Makonde kuanzishwa katika miaka ya 1950 ili kuyasukuma maji kutoka bondeni hadi uwandani, ndoo ya maji imebaki kuwa kitu cha kuhesabiwa. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, linalopigiwa simu bila malipo kwa namba 114, lina magari machache na barabara ndefu za kupita kabla ya kukifikia kijiji cha ndani. Kwa hiyo nyumba inayotegemea kumwagiwa maji ndipo iokoke imekwisha kushindwa kabla moto haujaonekana, na shabaha ya mjenzi wa huku inapaswa kuwa nyumba ambayo moto unaipita bila kupata mahali pa kuishika.

Njia tatu za moto kuingia nyumbani

Nchi ambazo zimepoteza watu wengi kwa moto wa nyika zimejifunza jambo hili kwa uchungu. Tarehe 7 Februari 2009, siku ambayo Waaustralia huiita Jumamosi Nyeusi, moto uliua watu 173 katika jimbo la Victoria na kuteketeza nyumba zaidi ya 2,000, na mwaka huohuo kiwango cha ujenzi cha Australia kinachojulikana kama AS 3959 kilitolewa upya kikiwa na masharti makali zaidi. Kiwango hicho kinajengwa juu ya uelewa kwamba moto huishambulia nyumba kwa njia tatu, nazo ni cheche zinazobebwa na upepo, joto la mnururisho, yaani joto linalosafiri hewani kutoka kwenye miali bila kugusana na kitu, na miali yenyewe inapoulamba ukuta au paa.

Kati ya njia hizo tatu, cheche ndizo zinazounguza nyumba nyingi zaidi, kwa kuwa huruka mbali mbele ya moto, hutua kimya kwenye majani makavu ndani ya mchirizi wa bati au kwenye rundo la kuni barazani, na huweza kuiwasha nyumba saa kadhaa baada ya moto mkubwa kupita na watu kudhani hatari imekwisha. Joto la mnururisho nalo hupimwa kwa kilowati kwa kila mita ya mraba. Jua la utosini wakati wa kiangazi hutoa takriban kilowati 1, ilhali madaraja ya kiwango cha Australia huanza kuidai nyumba ijengwe kwa tahadhari maalumu kukiwa na cheche na joto la hadi kilowati 12.5, kisha hupanda hadi 19, 29, 40 na kuishia kwenye daraja la miali yenyewe. Habari njema ni kwamba joto hilo hupungua kwa kasi kadiri umbali unavyoongezeka. Mtafiti wa Marekani Jack Cohen, aliyeshiriki majaribio ya moto mkubwa wa misitu kaskazini mwa Kanada, alionyesha kwamba kuta za mbao zilizosimamishwa mita 10 kutoka kwenye msitu uliokuwa ukiwaka ziliweza kushika moto, lakini zilizokuwa mita 20 au zaidi hazikuwaka. Moto wa nyasi za miyombo una miali mifupi kuliko ule wa misonobari ya Kanada, kwa hiyo familia ya Masasi inayoweza kuusogeza moto mita 20 hadi 30 kutoka ukutani imekwisha kuziondoa njia mbili kati ya tatu, na kilichobaki ni kuzinyima cheche mahali pa kutua.

Kiwanja kabla ya ukuta

Ubunifu wa nyumba ya namna hii huanzia kwenye uchaguzi wa kiwanja. Moto unaopanda mlima huzikausha na kuzipasha joto nyasi zilizo mbele yake kabla haujazifikia, na kanuni inayotumiwa na wataalamu wa moto ni kwamba kasi yake huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 10 za mwinuko. Ukingo wa uwanda wa Makonde, unaoliangalia bonde la Ruvuma upande wa kusini na bonde la Lukuledi upande wa kaskazini, una miteremko mikali ambayo moto ulioanzia chini huipanda kwa mwendo ambao mtu hawezi kushindana nao. Nyumba iliyojengwa kwenye midomo ya ukingo kwa ajili ya upepo mwanana na mandhari hupokea moto huo ukiwa katika nguvu yake ya juu kabisa, kwa hiyo ni busara kurudi nyuma makumi ya mita kuingia kwenye sehemu tambarare, na kuliweka shamba la mihogo, bustani au njia ya kijiji kati ya nyumba na mteremko. Kwa vijiji vya bondeni upande wa Masasi, ambako vilima vya mawe vinasimama katikati ya tambarare, upande wa kuutilia mashaka zaidi ni ule wa kusini-mashariki, linakotoka kusi la kiangazi, ingawa hakuna upande unaoweza kuachwa kabisa, maana moto hutengeneza upepo wake wenyewe.

Baada ya kiwanja huja mpangilio wa mzingo wa nyumba, ambao unaweza kuelezwa kwa pete tatu. Pete ya kwanza ni mita 2 zinazoizunguka nyumba pande zote, ambamo hakipaswi kuwamo kitu chochote kinachowaka: hakuna kuni, mkaa, mabua, mikeka iliyosahauliwa wala maua makavu, bali udongo mtupu uliofagiwa, mawe au kokoto. Katika jambo hili wakazi wa Masasi na Newala, wawe Wamakua, Wayao, Wamwera au Wamakonde, wanao utamaduni ambao nchi tajiri zinaujifunza sasa kwa gharama kubwa, kwani uwanja unaofagiwa kila asubuhi hadi udongo unaonekana ndiyo kinga ya kwanza ya nyumba, na kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyohimiza kufyeka nyasi zinazozunguka makazi ili kupambana na mbu, iliiongezea nguvu desturi hiyo bila kuikusudia kuwa kinga ya moto.

Pete ya pili huenda hadi mita 10 na inaweza kuwa na mimea, mradi iwe mibichi na itunzwe: bustani ya mboga, migomba inayoondolewa majani yaliyokauka, mshubiri, na miti michache ya kivuli kama mwembe, ambayo matawi yake ya chini yamekatwa hadi urefu wa mtu na hayaligusi paa. Pete ya tatu, kutoka mita 10 hadi 30, ni mahali pa mihogo, mbaazi na mikorosho iliyopaliliwa, ambapo majani yaliyodondoka hukusanywa kabla ya Julai. Mkorosho ambao chini yake pana zulia la majani makavu huupeleka moto moja kwa moja hadi uani, ilhali ule ambao chini yake ni peupe huuzuia. Mikaratusi, ambayo asili yake ni hukohuko Australia, haifai kukaribia nyumba hata kidogo, kwa sababu majani yake yana mafuta yanayowaka na magome yake makavu hubanduka na kupaa yakiwa yamewaka. Jambo la mwisho linalosahaulika ni uzio wa mabua au mianzi unaounganishwa na ukuta wa nyumba, kwa kuwa moto ulioshika upande wa shamba hutembea juu ya uzio huo hadi chini ya paa. Dawa yake ni kuzijenga mita 2 za mwisho kwa tofali au kuziacha wazi.

Udongo, bati na matundu

Kwa upande wa kuta, udongo ndio rafiki wa zamani na wa kuaminika, kwani hauwaki, hupata joto polepole na humhifadhi aliye ndani dhidi ya mnururisho. Nyumba ya miti na fito iliyokandikwa vizuri ndani na nje ina uwezo mkubwa wa kuhimili moto, na udhaifu wake hujitokeza pale tu udongo unapobanduka na fito kubaki wazi, kwa hiyo kukandika upya kila mwaka baada ya mvua kuna maana zaidi ya urembo. Matofali ya kuchoma ni imara, lakini tanuri lake hula kuni nyingi, na kila mti unaokatwa kwa ajili yake huruhusu jua kufika chini na nyasi kuota mahali ambapo kivuli kilizizuia, hivyo nyumba inayojengwa kwa njia hiyo husaidia kuandaa moto utakaoitishia baadaye.

Mhandisi na mwanajiografia Clement Gillman, aliyeandika mwaka 1945 kuhusu kilimo cha kuacha mashamba yapumzike katika uwanda wa Makonde, aliona jinsi uhai wa vichaka vya huko ulivyofungamana na muda wa mapumziko hayo. Kichaka kizito chenye majani mabichi hakishiki moto kwa urahisi, na kinapofyekwa tena na tena kabla hakijakomaa, nyasi hurithi nafasi yake. Kwa sababu hiyo, tofali linalofaa zaidi kwa nyumba endelevu, yaani nyumba inayokidhi mahitaji ya leo bila kuwanyang'anya watoto wa kesho rasilimali zao, ni lile la udongo na saruji kidogo linaloshindiliwa kwa mashine ya mkono na kukaushwa kivulini bila kuchomwa. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ulioanzishwa mwaka 2001, umekuwa ukieneza tofali la aina hiyo lenye kingo za kufungamana, ambalo hupunguza pia saruji ya kuungia, na udongo mwekundu wa kichanga unaopatikana kwa wingi uwandani unaweza kufaa baada ya kupimwa uwiano wa mchanga na mfinyanzi. Upande wa Masasi, mawe ya vilimani hufaa kwa msingi na kwa ngazi ya chini ya ukuta, ambayo huilinda nyumba dhidi ya moto wa nyasi na dhidi ya mchwa kwa pamoja.

Paa ndilo lenye hatari kubwa zaidi. Paa la nyasi huwashwa na cheche moja, na vijiji vilivyopangwa kwa safu kando ya barabara hujikuta moto ukiruka kutoka paa hadi paa. Bati huondoa hatari hiyo ya wazi, lakini huleta nyingine iliyojificha, kwa sababu mikunjo yake huacha mapengo mwishoni mwa paa na chini ya kofia, yaani bati la juu kabisa linalofunika mgongo wa paa, na cheche zinazosukumwa na upepo hupenya humo hadi kwenye kenchi, papi, viota vya ndege na vumbi la miaka mingi. Mapengo hayo yanazibika kwa udongo uliochanganywa na saruji au kwa vipande vya bati vilivyokatwa kufuata mkunjo, na matundu yanayohitajika kwa ajili ya hewa hufunikwa kwa wavu wa waya wenye matundu yasiyozidi milimita 2, kipimo ambacho kiwango cha Australia kimekiweka kwa ajili ya cheche. Wavu wa mbu wa waya uliozoeleka madirishani unatimiza sharti hilo, kwa hiyo fedha moja hununua kinga ya malaria na ya moto, mradi wavu wenyewe usiwe wa plastiki, ambao huyeyuka pale unapohitajika.

Kwa familia ambayo bado haijamudu bati, historia ya Tanzania ina funzo la kuazima. Tembe la Wagogo wa Dodoma, nyumba yenye paa bapa la udongo juu ya boriti, halikuweza kuchomwa kirahisi na adui. Mvua za Newala ni nyingi mno kwa paa la namna hiyo, lakini dari ya fito iliyokandikwa udongo mzito chini ya paa la nyasi inawezekana, na kazi yake ni kuzuia nyasi zinazowaka zisiwaangukie watu na akiba yao, hata kama paa lenyewe litapotea. Milango na madirisha ya mbao nzito, kama mninga au mkongo, huchelewa kushika moto kuliko mbao nyepesi, na pengo la chini ya mlango linapaswa kuzibwa kwa kizingiti cha saruji.

Hatari zinazoletwa na msimu wa korosho

Mazingira ya Masasi na Newala yana hatari moja inayohitaji kuangaliwa kipekee. Msimu wa moto ndio huohuo msimu wa salfa, unga wa njano unaopuliziwa mikorosho kuanzia karibu na Juni ili kudhibiti ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia maua na machipukizi. Familia nyingi huiweka mifuko ya salfa chumbani kwa kuogopa wizi, pamoja na petroli ya mashine ya kupulizia, bila kuzingatia kwamba salfa huwaka, vumbi lake likitanda hewani huweza kulipuka, na moshi wake ni gesi kali inayochoma mapafu. Kufikia Oktoba, mahali pa salfa panakuwa na magunia ya korosho ghafi, ambayo maganda yake yana mafuta yanayowaka kwa nguvu. Kwa hiyo nyumba iliyobuniwa vizuri inahitaji stoo ndogo ya tofali na bati, yenye kufuli, iliyo umbali wa mita 10 au zaidi kutoka kwenye vyumba vya kulala, na petroli iwe na sehemu yake mbali na salfa.

Jiko nalo linastahili mawazo yaleyale. Banda la jiko lililoezekwa kwa nyasi na kubanwa ukutani mwa nyumba kubwa ni chanzo cha moto na ni daraja la moto kwa wakati mmoja. Likijengwa kwa udongo na bati upande wa kaskazini-magharibi, ambako kusi huzipeleka cheche mbali na nyumba, na likiwekewa jiko banifu, yaani jiko linalotunza joto ili kupunguza kuni, familia hupata usalama, hupunguza safari za msituni na humwepusha mama na moshi.

Maji yanayotunzwa kwa ajili ya cheche

Kusema kwamba nyumba isitegemee maji si kuyadharau. Kila milimita 1 ya mvua inayoangukia mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1, hivyo paa la mita za mraba 80 katika msimu wa milimita 800 hupokea lita 64,000, na hata moja ya tano ikipotea zinabaki zaidi ya lita 51,000. Familia ya watu 6 wanaotumia lita 20 kila mmoja kwa siku inahitaji lita 21,600 ili kuvuka siku 180 za ukame, kiasi kinachoweza kuhifadhiwa katika tangi la chini ya ardhi au la saruji iliyopigwa juu ya wavu wa waya, ambalo, tofauti na la plastiki, haliyeyuki. Bomba la matumizi ya kila siku likiwekwa juu kidogo ya sakafu ya tangi, na bomba la pili likawekwa chini kabisa, lita 2,000 za mwisho hubaki daima kwa ajili ya dharura. Kiasi hicho hakizimi moto wa porini, lakini kinatosha kuzima cheche moja moja kwa ndoo na matawi mabichi, na kazi hiyo ndiyo inayoziokoa nyumba katika saa zinazofuata baada ya moto kupita.

Nyumba moja haitoshi

Hakuna ubunifu unaoweza kumtenga mtu na jirani yake, kwa kuwa nyumba inayowaka hutoa joto la muda mrefu kuliko nyasi zinazowaka, na paa moja lililopuuzwa huwa hatari kwa kaya zote zilizo upande linakoelekea kusi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeweka masharti juu ya uchomaji wa uoto na wajibu wa kuudhibiti moto, na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo zinazolingana na mazingira yake. Katika Wilaya ya Kilwa, shirika la Mpingo Conservation and Development Initiative limefanya kazi na vijiji vyenye misitu yao wenyewe katika uchomaji wa mapema, ambao maana yake ni kuchoma nyasi kwa mpango mwanzoni mwa kiangazi zikiwa bado na unyevu, ili moto mdogo wa Mei au Juni uumalize mlo wa moto mkubwa wa Septemba. Vijiji vya Lukuledi na Newala vinaweza kuifuata njia hiyo kwa kushirikiana na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, vikaongeza barabara ya moto, yaani ukanda uliofyekwa na kulimwa kuzunguka kijiji, na vikauteua uwanja wa shule kuwa mahali ambapo watoto, wazee na wagonjwa hupelekwa mapema, kabla moshi haujaziba njia.

Utekelezaji unaweza kufuata mfuko wa familia. Vitu visivyohitaji hata shilingi moja, yaani kufagia, kupalilia, kuhamisha kuni, kukata matawi na kukandika mapengo kwa udongo, ndivyo vinavyopaswa kutangulia, na ndivyo vinavyozuia cheche zaidi kuliko vingine vyote. Wavu wa waya na stoo ya salfa vinaweza kufuata kwa mapato ya korosho za msimu mmoja, na bati, tofali za kufungamana na tangi vikaja kwa miaka itakayofuata, kila kimoja kikiongeza kinga juu ya kile kilichotangulia. Halmashauri za wilaya nazo zina wajibu wa kuyaingiza masharti haya katika ushauri wa ujenzi unaotolewa vijijini, na kuhakikisha kwamba shule na zahanati zinakuwa majengo ya kwanza ya mfano. Fundi atakayezijua pete tatu na mapengo ya paa atawafaa watu wengi kuliko gari la zimamoto linalosubiriwa, na mafunzo yake yanagharimu kidogo sana yakilinganishwa na nyumba moja iliyoteketea pamoja na mbegu za mwaka unaokuja.